Gesi Haijaisha, Fundi

Mafundi wa friji niliokutana nao hapa Dodoma wanaujua ugonjwa mmoja tu: gesi imeisha. Friji haligandishi, gesi imeisha. Linagandisha kupita kiasi, gesi imezidi, itolewe iwekwe nyingine. Taa ya ndani haiwaki, basi ngoja tuangalie na gesi. Nimelipia hiyo gesi zaidi ya mara moja, kwanza elfu sitini na kitu, baadaye ikapanda kwa sababu "siku hizi bei imebadilika, mama", na friji lenyewe wala halikuwa limepungukiwa. Kipupwe ndiyo hicho kinaingia, na najua kuna watu wameshaanza kupigiwa mahesabu.

Langu ni la milango miwili, friza juu, la mtumba kutoka Ulaya. Tulilinunulia Dar, likakaa Tabata miaka na miaka bila kunung'unika. Serikali ilipohamia huku, baba watoto naye akahamishwa, friji likapanda lori pamoja na makochi. Nyumba tuliyopata Nkuhungu jiko lake huwezi hata kugeuka na sufuria mkononi, kwa hiyo friji likawekwa kibaraza cha nyuma, chenye nondo na wavu wa mbu. Mwanzoni tulilisifu sana. Oktoba, Novemba, jua linapasua kichwa, na barafu yake ilikuwa ya kuvunja kwa mchi. Hapo ndipo nikaanza biashara ya samaki wa Mtera. Nachukua perege, naparua, nafunga kwenye vifuko, wateja wanapitia jioni wakitoka kazini.

Juni ilipofika mambo yakageuka. Asubuhi nafungua friza, nabonyeza perege kwa kidole, kidole kinazama. Maji mekundu yametuama chini, barafu ya pembeni imekuwa rojorojo. Nafungua mlango wa chini: maziwa ya baridi, mchicha umesimama wima, hakuna tatizo. Ikifika saa nane mchana friza inaanza kugandisha yenyewe, usiku inaachia tena. Samaki waliolegea sikuwauza, tulikaanga wenyewe, mpaka watoto wakawa wakisikia harufu ya perege wanaomba maharage.

Fundi wa kwanza akaweka kiganja nyuma ya friji, akatingisha kichwa, akatoa ile hukumu. Nikamuuliza, fundi, gesi imeisha mbona mchana linagandisha? Akanijibu bila kupepesa: "Gesi ikiwa kidogo inachagua muda, mama." Akajaza, akapokea chake, akaondoka. Friza ikaendelea kulegea, ila mwishoni mwa Agosti ikapona kabisa. Akapiga simu, "Vipi mama, si nilikwambia?" Akajisifia mpaka salio likamwishia. Juni iliyofuata, yaleyale.

Fundi wa pili angalau alitamka neno themostati, ile swichi inayowasha na kuzima kompresa kufuatana na baridi. Lakini naye hakupima kitu, alibadilisha tu. Kupima wala si kazi ya siku nzima. Unazungusha kile kidude chenye namba kutoka 0 kwenda juu, unasikiliza kile kimlio cha "ka!" na kompresa kuamka. Kama haiamki, unachomoa friji kwenye soketi, unafungua kiboksi cha themostati, unapima kwa mita kama zile nyaya mbili za themostati zinapitisha umeme namba ikiwa juu. Hazipitishi, themostati imekufa. Zinapitisha na kompresa bado kimya, nenda katafute rilei, kile kidude kinachoiamsha kompresa, usimsumbue themostati wa watu. Yangu ilikuwa inalia "ka!" vizuri kabisa. Nilimwambia. Akasema ule mlio ni wa uzee.

Akaweka mpya, ya elfu kumi na ushee, akaacha mrija wake unaning'inia hewani. Hapo ndipo nilipochukia kikweli. Themostati ya friji za aina hii ina mrija mwembamba wa shaba wenye gesi yake humo ndani, haihusiani na gesi ya kugandisha. Ncha ya ule mrija inatakiwa ibanwe kwenye ukuta wa baridi wa nyuma. Ukuta ukipoa, ile gesi inasinyaa, swichi inaachia, kompresa inapumzika. Ukuta ukipata joto, inatanuka, kompresa inawaka. Sasa ncha ikining'inia, inapima hewa badala ya ukuta, friji linanguruma halizimi, na ukuta unavaa barafu nene. Niliirudisha mwenyewe kwenye kibanio chake, skrubu moja tu. Barafu ya ukutani ikaisha, lakini friza? Usiku ileile.

Shemeji akashauri nipandishe namba mpaka 7. Wengi hapa wanadhani 1 ndiyo baridi kali. Ni kinyume chake, namba kubwa ndiyo inayogandisha. Nikapandisha. Kulipokucha mchicha ulikuwa kama vioo, unakatika kwa kuvunjwa, mayai mawili yamepasuka, na perege juu bado wana moyo laini. Friji la chini limekuwa friza, friza imekuwa friji. Shemeji akasema basi tununue jipya. Kwa hela ya nani, hakusema.

Usiku mmoja nikavaa sweta, nikajifunga khanga mabegani, nikakaa kibarazani kusikiliza. Upepo wa Dodoma mnaujua. Kompresa ikanguruma kidogo, ikanyamaza, ikanyamaza tena mpaka nikaanza kusinzia. Hapo nikapata jibu. Friji lililopungukiwa gesi kweli halinyamazi hivyo, linanguruma muda mrefu mno bila kufika popote, na linateseka zaidi wakati wa joto. Langu lilikuwa limelala. Na lililala kwa sababu themostati ni moja tu, iko chini, kwenye sehemu ya maziwa na mboga. Kibaraza kikiwa na baridi, kule chini kunabaki kumepoa kwenyewe, themostati inaona kazi imekwisha, inazima. Friza haina wa kuisemea.

Asubuhi nikatoa droo ya mboga, nikapangusa kile kibandiko cha ndani ambacho hakuna fundi aliyewahi kukisoma. Kuna herufi ya daraja la hali ya hewa. SN maana yake friji limetengenezwa kwa chumba chenye nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, T ni 16 hadi 43. Langu ni N. Dar hata Julai usiku hauteremki chini ya 16 kirahisi. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai nyuzi 13 ni kitu cha kawaida. Friji la watu lilikuwa linafanya kazi nje ya mkataba wake.

Najua mtasema niliingize ndani. Baba watoto alishakataa, sebuleni anasikiliza taarifa ya habari, hataki mngurumo. Kwa hiyo nikaamua kuidanganya themostati.

Jaribio la kwanza lilikuwa jagi la maji ya moto. Saa tatu usiku, friji limenyamaza, nikaliweka jagi rafu ya juu chini ya kile kiboksi, nikafunga mlango. Sijafika hata jikoni nikasikia "ka!", kompresa hiyo. Nilicheka peke yangu kama chizi. Ila jagi likipoa mchezo umekwisha, na mimi siwezi kuamka saa nane za usiku kuchemshia friji maji.

Nikakumbuka taa ya ndani. Ilikuwa balbu ya kizamani, ya utambi, wati 15, na iko palepale jirani na themostati. Balbu ya namna hiyo inatoa joto kuliko mwanga. Ikiwaka usiku kucha mlango ukiwa umefungwa, themostati itahisi joto kidogo, kompresa itafanya kazi mara nyingi zaidi, na friza itapata haki yake. Shida ni kile kitufe cha mlangoni kinachozima taa. Kwenye langu kinabonyezwa na ukingo wa kishubaka cha juu cha mlango. Nikakichomoa kishubaka, basi. Hakuna waya uliokatwa wala tepu nyeusi.

Lakini utajuaje kama taa imebaki inawaka mlango ukishafungwa? Mwanangu alijaribu kuchungulia kwa kufungua haraka, akafungua na kufunga mpaka nikamfukuza. Nikachukua simu, nikawasha video, nikaiegemeza kwenye chupa ya achari, nikafunga mlango. Nikasubiri kidogo, nikaitoa. Video yote ina mwanga: achari, nusu ya kabichi, ukuta una matone. Katikati inasikika "ka!" na kompresa inaanza. Ile video ninayo mpaka leo. Fundi wa kwanza nilimtumia, akajibu kwa kidole gumba.

Kesho yake perege walikuwa wanagonga kama mawe. Namba nilishaitoa 7 nikairudisha 3. Umeme wa taa ni mdogo: wati 15 kwa saa 10 ni uniti 0.15, wiki nzima ni kama uniti moja, ukiongeza kompresa inayofanya kazi zaidi bado LUKU haikushtuka. Usiifunike balbu wala kuondoa kifuniko chake, na usiweke balbu kubwa kuliko iliyoandikwa pale, plastiki itayeyuka.

Baadaye friza ikalegea tena katikati ya Julai. Kishubaka kipo nje, taa inawaka, video inaonyesha mwanga mzuri tu, tena mweupe zaidi. Mweupe! Baba watoto kaenda kubadilisha balbu kaweka ya LED, ya kubana matumizi, na anataka kusifiwa. LED ile ina mwanga lakini joto lake halitoshi kumdanganya mtu. Balbu ya utambi niliizungukia Majengo duka hadi duka, wauzaji wananishangaa, nikapata kwa elfu mbili hivi. Nimenunua na ya akiba nimeificha.

Mbinu hii haitasaidia friji la feni lisiloota barafu kama lina vihisi vya kielektroniki, hayo yana akili zao. Friza ya kulala pia haihitaji, themostati yake inapima friza yenyewe. Na kama friji haliwaki kabisa baada ya umeme kurudi, tazama kwanza kile kifaa cha kulilinda mlichochomeka ukutani, kinachelewesha kwa dakika kadhaa makusudi. Jirani yangu wa nyuma alishamwita fundi kwa hilo. Fundi alipofika friji lilikuwa limeshawaka lenyewe, na bado akamwambia gesi iko chini kidogo.