Moyo wa Mbuzi na Majina Yaliyokuwa Yakinikimbia

Kilichonitatiza kwenye biolojia si wingi wa majina, ni kwamba hayakukaa kichwani. Ateri, vena, kapilari, ventrikali: nilikuwa nayakariri usiku baada ya kufunga kibanda, asubuhi sina hata moja. Mimi ni mtahiniwa wa kibinafsi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, mama wa watoto, na maabara sina. Lakini naishi Huruma, Nairobi, na Kiamaiko kwenye mbuzi ni pua na mdomo.

Nilimwomba muuza nyama moyo mzima, asiondoe ile mishipa ya juu ambayo kwa kawaida huikata na kuitupa.

"Mama, huu ni wa kupika ama wa kuagulia?"

Nikamwambia vyote viwili.

Nyumbani nikaubonyeza kabla ya kuupasua. Upande mmoja mgumu, mwingine unabonyea. Mgumu ndio wa kushoto: ventrikali yake, chumba cha chini, husukuma damu mwili mzima, lazima ukuta uwe mnene. Ya kulia inaishia mapafuni, hapo jirani tu. Nikamimina maji kwenye aurikali ya kushoto, chumba cha juu, kisha nikaukamua: yakaruka kupitia aorta, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, mengine yakaniingia kwenye mkono wa sweta. Kisu kilipopita ndipo nikaziona vali, ngozi nyembamba nyeupe zilizofungwa kwa nyuzi ngumu zisipinduke. Kushoto vipande viwili, kulia vitatu. Jioni tukaukaanga kwa kitunguu.

Tangu hapo nikawa naifuata damu inakokwenda. Ateri huitoa moyoni, vena huirudisha. Ukitumia oksijeni kuzitofautisha utanaswa, kwa sababu ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo. Kapilari ziko katikati, ukuta wake ni seli moja tu, oksijeni inatoka, kaboni dioksidi inaingia; mapafuni ni kinyume.

Vali za vena nilizipata ndani ya matatu, foleni ya Juja Road. Ning'iniza mkono mishipa ivimbe. Bana mmoja kwa kidole, kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kiwiko mpaka upite kivimbe cha vali. Inua hicho cha pili: mshipa unabaki mtupu, maana vali hairuhusu damu irudi nyuma, hadi uachilie cha kwanza. William Harvey, daktari Mwingereza, alilieleza jaribio hilo mwaka 1628. Konda alinitazama sana, akadai nauli yake.

Damu yenyewe haikunisumbua. Chembe nyekundu hubeba oksijeni na huishi kama siku 120, nyeupe hupambana na viini vya magonjwa, chembe sahani hugandisha damu kwenye jeraha, na plazima ndiyo maji yanayozibeba zote. Hizo nilizimaliza kwa daftari.