Koili inaimba, lakini muziki uko kwenye kisanduku

Watu wakiiona koili yangu ya Tesla, mtambo wa umeme unaorusha cheche hewani, ikiimba, huzunguka meza wakitafuta spika. Hakuna spika. Kinachoimba ni cheche yenyewe. Kila inaporuka, hewa iliyo njiani mwake hupata moto ghafla na kutanuka, na sikio husikia msukumo huo. Ikiruka mara 440 kwa sekunde, umesikia La, noti ambayo wanamuziki hupatanishia vyombo vyao. Umeme ulio ndani ya koili unatetema kwa kasi kubwa mno, kwangu ni kama kilohezi 200, yaani mara laki mbili kwa sekunde, na sikio halina habari nao kabisa.

Kwa hiyo wimbo hautungwi na koili. Unatoka kwenye kisanduku kinachoiamuru lini iwake na lini izime, ambacho mafundi wa koili hukiita intarapta. Koili yenyewe sitaieleza sana: bomba la PVC la inchi 4, waya mwembamba wa shaba niliouziwa na mafundi wa kusuka mota, na bodi yenye transista kubwa za IGBT, yaani swichi za kuwasha na kuzima umeme. Kisanduku ndicho kilichoninyima usingizi.

Swali la kwanza la kila mtu: mbona huchomeki simu tu? Kwa sababu wimbo wa kwenye simu una gitaa, besi, ngoma na mwimbaji, vyote vimekorogwa katika wimbi moja, na koili ya aina hii inajua mambo mawili tu, kuwaka na kuzima. Ukiilisha mkorogo huo utapata mkwaruzo. Koili inataka kupewa noti, na kinanda ninachopigia kwaya kina tundu la MIDI nyuma, mtindo uliopo tangu 1983. Tundu hilo halitoi sauti. Linatoa taarifa: noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki, noti fulani imeachiwa.

Taarifa hizo huingia kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, zikapita kwenye optokapla ya 6N138, kijidude kinachopitisha ishara kwa mwanga, yenye rezista ya omu 220 na dayodi ndogo ya 1N4148, kisha zikafika kwenye Arduino Uno, kompyuta ndogo ya bodi moja inayoendesha programu yangu. Hesabu yake ni rahisi: noti namba 69 ni La ya hezi 440, na kila ukipanda noti 12, yaani oktavu moja, hezi zinakuwa maradufu. Kwa La hiyo, kila mikrosekunde 2,273 koili huwaka mara moja, kwa mikrosekunde 100 tu. Muda wote uliobaki imezima.

Hapo ndipo kazi ya kisanduku inapokuwa ya mlinzi zaidi kuliko mwanamuziki. Mikrosekunde 100 kwenye La ni asilimia 4.4 ya muda wote, na transista zinavumilia. Panda oktavu mbili, hezi 1,760, ukiacha mpigo uleule: asilimia 17.6. Transista zitaungua kabla ubeti haujaisha. Programu yangu hairuhusu kuvuka asilimia 5, hivyo kule juu inaufupisha mpigo hadi mikrosekunde 28. Cheche inakuwa fupi na sauti inakonda. Dawa yake ni kushusha wimbo mzima oktavu moja, jambo ambalo wadada wa soprano kwenye kwaya yetu hawajalifurahia.

Noti mbili kwa pamoja zina balaa lake. Mipigo yao hukutana, na miwili iliyogusana inakuwa mmoja mrefu kupita kiasi. Kwa hiyo kila baada ya mpigo programu inalazimisha mapumziko, hata kama noti nyingine inadai zamu yake. Nimeishia sauti mbili, ya kwanza na besi. Wapo wanaopiga nne, na mimi nikiwasikiliza nasikia nyuki.

MIDI nayo ina mitego. Vinanda vingi havitumi taarifa ya “noti imeachiwa”. Vinatuma “imebonyezwa” yenye nguvu sifuri. Usipolijua hilo, noti haiishi. Kwenye kinanda ni kero, kwenye koili ni joto. Tena waya ukichomoka katikati ya noti, nani ataiambia koili inyamaze? Kinanda changu hutuma ishara ndogo ya kusema kipo hai, na kwa utaratibu wa MIDI ukimya usizidi milisekunde 300. Ukizidi, programu inazima kila kitu.

Kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye koili hakuna waya wa shaba hata mmoja. Nimetumia fiba ya plastiki, ile inayotoa sauti kwenye TV kwenda kwenye redio, yenye taa nyekundu ya LED upande huu na kipokezi upande ule. Waya wa shaba ungeokota mawimbi ya koili na kuyarudisha kwenye kinanda, pengine na vidoleni mwangu. Mwanga haubebi umeme. Na nimeipanga hivi: hakuna mwanga, hakuna cheche. Fiba ikikatika, koili inanyamaza. Kisanduku ni cha bati, kinatumia betri, hakichomekwi ukutani.

Mwenye kifaa cha kusaidia moyo simruhusu kukaribia. Dirisha liwe wazi, kwa sababu cheche hutengeneza ozoni. Na usidanganyike na cheche ya juu; inaunguza, lakini muuaji wa haraka zaidi ni volti 230 za ukutani na kapasita za chini, zinazohifadhi umeme, zikiwa zimejaa.

Nilidhani tenzi ndizo zingependeza zaidi. Kumbe cheche inapenda kuteleza. Lile gurudumu la kukunja noti pembeni mwa kinanda likizungushwa taratibu, koili inapita katikati ya noti bila ngazi, na miondoko ya violini ya taarabu inakaa vizuri kuliko chochote nilichojaribu.

Mpwa wangu hataki taarabu. “Anko, tupige singeli.” Kasi si tatizo, koili inaiweza. Tatizo ni ngoma, kwa kuwa sauti zangu mbili zimeshakwisha. Tumekubaliana: besi na kinanda vitatoka kwenye koili, yeye atapiga ndoo.