Nimempenda Captain Beefheart

Mwezi wa sita, baridi ya Uyole ile ya kung'ata vidole, nilikuwa ghalani nachambua viazi vya mbegu, hedifoni masikioni. Kaka alikuwa amenirushia albamu ya mwaka 1969 ya mwanamuziki Captain Beefheart, Trout Mask Replica. Dakika chache tu nikachomoa waya nikaupuliza, nikidhani simu imeharibika. Gitaa la kushoto lina njia yake, la kulia lina yake, ngoma ziko safari nyingine, na juu yake sauti nzito inayokwaruza kama jiwe la kunolea panga.

Nikarudia. Siku ya nne hivi, yale magitaa yakakutana! Sekunde chache, kisha yakaachana. Nilisimama na kiazi mkononi, mwili umesisimka.

Jina halisi la Beefheart ni Don Van Vliet, wa California, rafiki wa mwanamuziki Frank Zappa tangu ujanani. Albamu ina nyimbo 28. Piano hakuijua, lakini alibonyeza alichosikia kichwani, mpiga ngoma John French akakiandika na kuwafundisha wenzake, wakafanya mazoezi miezi kwa miezi ndani ya nyumba moja. (Ukali wake kwa wanabendi siupendi, nasema wazi.) Ndiyo maana naumia watu wakisema ni kelele. Baada ya albamu ya 1982 aliacha muziki, akachora hadi alipofariki 2010.

Jamani, kama kuna mtu Mbeya hii anamsikiliza, aniandikie. Nitakuja popote, hata Tukuyu kwenye mvua.