Mbuzi wanaingia, ng'ombe wanakataa

Mwaka 2013 nilikuwa natunza tovuti ya chama cha wafugaji. Msimbo wake nilikuwa nimeuandika mwenyewe miaka mitano kabla, nikiwa bado najifunza PHP, lugha ya kuandikia tovuti, na ulionyesha. Asubuhi moja katibu wa chama akanipigia simu.

"Kijana wangu, makala za mbuzi zinaingia, za ng'ombe zinakataa."

Nilicheka. Mwenzangu hakucheka. Akaniambia amejaribu mara nne: anabonyeza, ukurasa unamwambia "Imehifadhiwa", akienda kutazama, hakuna kitu. Nikamwambia jambo ambalo hadi leo likinijia usiku nageukia ukutani: "Mzee, kwa sasa andika tu ngombe, bila ile alama."

"Huyo mnyama simjui," akasema. Lakini aliandika hivyo, wiki baada ya wiki, huku akinung'unika.

Kilichoniamsha ni aibu. Nilifungua tovuti nikakuta ukurasa mzima wa ngombe, kama kazi ya mtoto wa darasa la pili. Usiku huo nikaketi. Jambo la kwanza nililofanya ni lile ambalo nilipaswa kulifanya siku ya simu: kabla ya mstari wa mysql_query, amri inayoipelekea hifadhidata maagizo, nikaweka echo $sql, inayoyachapisha maagizo hayo kwenye ukurasa, ili nione hasa kinachopelekwa. Kikatoka hiki:

INSERT INTO makala (kichwa) VALUES ('Chanjo ya ng'ombe')

Ritifaa, ile alama ya ng'ombe, ndiyo pia hufungua na kufunga maneno ndani ya agizo, na hapa ilikuwa imeyafunga kabla ya wakati. Kwa hifadhidata, kichwa cha habari kiliishia "Chanjo ya ng", kisha "ombe" likabaki linaning'inia, halina maana. Sentensi ikakataliwa. Na kwa kuwa sikuwahi kuangalia mysql_query imerudisha nini, ukurasa wangu uliendelea kusema "Imehifadhiwa" kwa uso mkavu.

Kwa nini ilifanya kazi miaka yote hiyo? Wenye seva, kompyuta inayobeba tovuti, walikuwa wamehamia toleo la 5.4 la PHP. Toleo hilo, lililotoka 2012, ndilo lililofuta magic_quotes_gpc, mpangilio uliokuwa ukipachika mkwaju wa kinyume (\) mbele ya kila ritifaa inayotoka kwenye fomu, ili isifunge maneno. Yaani PHP ilikuwa inanifichia uvivu wangu, na mimi hata sikujua kuna anayenisaidia.

Hapo wazo baya likanijia. Kama ng'ombe anaweza kuivunja sentensi, mtu mwenye nia mbaya je? Nikaenda kwenye ukurasa wa kuingilia, kwenye kisanduku cha jina nikaandika ' OR 1=1 # na kwenye nywila nikagongagonga herufi zozote. Ritifaa ilifunga jina, 1=1 ni kweli daima, na # iliifanya hifadhidata ipuuze yaliyobaki, pamoja na nywila. Mlango ukafunguka. Juu ya ukurasa: "Karibu, Katibu." Nilijitoa haraka kana kwamba nimeingia chumba cha mtu.

Nilikaribia kutupia addslashes, amri inayopachika mkwaju uleule, kila mahali nikalale. Afadhali sikufanya hivyo, kwa sababu kusahau sehemu moja tu kunatosha kuacha mlango wazi. Nikatafuta mysql_query kwenye faili zote: zilikuwa 63. Nikaanza kuzihamishia PDO, njia nyingine ya PHP ya kuongea na hifadhidata, moja moja, muunganisho ukiwa kwenye faili moja badala ya kunakiliwa kila ukurasa:

$s = $db->prepare('INSERT INTO makala (kichwa) VALUES (?)');
$s->execute([$kichwa]);

Ile alama ya kuuliza ndiyo dawa yenyewe. Sentensi inabaki kitu kimoja na data kitu kingine, hata ng'ombe awe na ritifaa kumi. Nikaiweka PDO pia kwenye hali ya ERRMODE_EXCEPTION, ipige kelele pale inaposhindwa. Nywila, ambazo zilikuwa zimehifadhiwa wazi (ndiyo, wazi), zilinichukua usiku mwingine kabisa, na sitaki kuusimulia.

Siku ya pili simu ikalia.

"Kijana, ng'ombe wanaingia. Ila sasa wameota pembe."

Kwenye faili mbili nilikuwa nimewahi kuweka addslashes zamani, nikazisahau. Sasa hifadhidata ilipokea ng\'ombe kama alivyo, na pembe zake. Nikaziondoa, na kwenye upande wa kuonyesha nikaweka htmlspecialchars, inayozuia alama za ndani ya data zisisomwe kama msimbo wa ukurasa, kwa kuwa data husafishwa kulingana na inakokwenda: ikienda kwenye hifadhidata ina njia yake, ikienda kwenye kivinjari ina yake.

Zikabaki zile makala za ngombe. Nikachukua nakala rudufu kwanza, nikaandika kwa mkono:

UPDATE makala SET kichwa = REPLACE(kichwa, 'ngombe', 'ng''ombe')

Ritifaa mara mbili, maana ndani ya SQL, lugha ya maagizo ya hifadhidata, moja peke yake ingefunga maneno yaleyale tena. Safu 41 zikabadilika. Nikarudia kwa matini ya makala, nikamtumia katibu ujumbe kwamba kazi imekwisha, nikaenda kulala nikiwa nimejiridhisha.

Asubuhi, simu.

"Wa katikati ya sentensi wamepona. Wanaoanza sentensi bado wagonjwa."

REPLACE ya MySQL, hifadhidata niliyokuwa naitumia, hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo "Ngombe" hakuguswa. Nikarudi kwenye kiti.