Siku moja maishani mwangu: wilaya ya Ukerewema

Saa 12:40 asubuhi. Nimebanwa dirishani kwenye daladala ya Nyegezi kwenda mjini, simu ikaita. Mhasibu wetu, mtu ambaye kwa kawaida hapigi simu kabla ya chai.

"Dada, shikamoo ya haraka. Ukerewema ni wilaya mpya?"

Nikacheka. Akaendelea: "Na Kwimbaa je? Na Magubaa?" Hapo kicheko kikaniishia.

Saa 2:00. Ofisi yetu iko ghorofani, si mbali na Makoroboi. Tunatunza mfumo wa zamani wa bima ulioandikwa kwa COBOL, lugha iliyoanza kubuniwa 1959, na data zake zimekaa Db2, hifadhidata ya IBM. Watu wakisikia COBOL hunipa pole. Wapelekee wengine hizo pole, mimi lugha hii naipenda. Haikufichi kitu: kila herufi unajua imekaa wapi.

Kijana wa mafunzo kwa vitendo alikuwa ameshafika. "Mwangaluka, dada." Nikamwonyesha ripoti: ILEMELA, KWIMBAA, MAGUBAA, MISUNGWI, NYAMAGANA, SENGEREMA, UKEREWEMA. Wilaya zote 7 za mkoa wa Mwanza, 3 zimeota mikia.

"Data zimeharibika," akasema.

Nikamwambia aulize jedwali lenyewe kwa SELECT, amri ya kusoma data. Likajibu UKEREWE, safi kabisa. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye programu yetu.

Saa 3:15. Nilimwacha ahangaike nayo kidogo, kisha nikamwambia asome majina kuanzia juu kwenda chini, moja baada ya jingine. KWIMBA ina herufi 6, na iliyotangulia ni ILEMELA yenye 7. Herufi ya saba ya ILEMELA ni A, nayo ndiyo imebaki imening'inia. MAGU ikaja na herufi 4 juu ya KWIMBAA, ikarithi BAA. MISUNGWI ina 8, ikafunika kila kitu. SENGEREMA ina 9, UKEREWE 7, MA ikabaki.

"Kumbe jina fupi linaandikwa juu ya refu!" Akaruka kitini. Kwa furaha ile nilimsamehe hata kikombe changu alichokivunja juzi.

Tukafungua tamko lenyewe:

```
01  WILAYA.
    49  WILAYA-LEN   PIC S9(4) COMP.
    49  WILAYA-TEXT  PIC X(30).
```

Fildi ya urefu unaobadilika, VARCHAR, ndani ya COBOL inakuwa mbili: namba ya baiti 2 inayosema herufi ni ngapi, kisha nafasi ya herufi zenyewe. Zote mbili ziko ngazi ya 49, ya mwisho katika ngazi za kawaida za COBOL zinazoanzia 01, na kwa alama hiyo Db2 inatambua kwamba hii ni VARCHAR na si kundi tu la fildi. FETCH, amri inayoletea programu safu moja moja kutoka Db2, ikileta UKEREWE, inaweka 7 kwenye LEN na herufi 7 kwenye TEXT. Nafasi 23 zilizobaki haizigusi. Kilichokuwemo kinabaki humo humo.

Sasa aibu yangu. Wiki iliyopita mimi mwenyewe ndiye niliyebadilisha kolamu hiyo kutoka CHAR(30) kuwa VARCHAR(30). CHAR hujazwa nafasi tupu hadi mwisho, hivyo kila jina lilikuwa linafuta la kabla yake bila mtu kujua. Nilirekebisha tamko, programu ikakubali, nikaenda nyumbani nikijipongeza. Mistari inayochapa TEXT yote bila kutazama LEN sikuipitia.

Dawa ni mstari mmoja kabla ya kila FETCH: `MOVE SPACES TO WILAYA-TEXT`, yaani jaza nafasi tupu kwanza. Kijana akapendekeza tuchape `WILAYA-TEXT(1:WILAYA-LEN)`, yaani kuanzia herufi ya kwanza, kwa urefu wa LEN tu. Wazo zuri, ila LEN ikiwa 0 unajitafutia balaa jingine, maana kipande hicho lazima kianzie urefu wa 1.

Saa 7:10 mchana. Kwa mama lishe, ugali na sato. Ubaoni jana paliandikwa SANGARA. Leo mama alishaufuta kwa kitambaa kibichi. Nikamwambia kijana: asingefuta, leo tungekula SATOARA. Mama akatutazama kama wagonjwa.

Saa 8:30. Umeme ulikatika kwa dakika arobaini. Tukaangalia ziwa.

Saa 9:15. Nilipopekua upande wa kuandika nikakuta kosa la pili, na hili limejificha zaidi. Programu ya kusajili wateja inaweka 30 kwenye LEN daima, kwa hiyo UKEREWE inaingia na nafasi tupu 23 nyuma yake. Ukitafuta kwa alama ya sawasawa huoni tatizo, kwa sababu Db2 inalinganisha fupi na refu kama vile fupi limejazwa nafasi. LIKE, inayotafuta kwa muundo wa maandishi, haina huruma hiyo. Na barua kwa wateja zimekuwa zikitoka na shimo kubwa kati ya jina la wilaya na mkato. Sisi tukilaumu printa.

Kijana akaandika `FUNCTION LENGTH`. Ikarudisha 30, ukubwa wa fildi na si wa jina. Njia yetu ni kugeuza maandishi kwa `FUNCTION REVERSE`, kuhesabu nafasi za mwanzo kwa `INSPECT ... TALLYING`, kisha kuzitoa kwenye 30. Alikosea kutoa mara mbili, LEN ikawa hasi, Db2 ikampiga SQLCODE -311, namba ya kosa la urefu usiokubalika. Sikumsaidia. Ya tatu ikapita.

Saa 11:50 jioni. Nikiwa kituoni nasubiri daladala, ujumbe wa mhasibu ukaingia: "Ripoti nimeiona. Ukerewe imerudi, ila wema wake mmeutoa."

Nikamjibu kwamba kesho tunaanza na barua.