Nunua mshipi kwanza, bastola baadaye

Mtu akishapata cheti cha silaha hapa Kenya, swali la kwanza kumtoka ni bastola ipi anunue: "Glock au Ceska?" Ni swali zuri, ila limewahi mno. Bastola ina mahali pawili tu pa kukaa: mwilini mwako, au ndani ya sefu iliyofungwa. Hakuna pa tatu. Si chini ya mto, si kwenye dashibodi, si juu ya kabati "ambapo watoto hawafiki" (watoto hufika, kiti kipo). Kwa hiyo kabla hujaulizia bastola dukani, tafuta mshipi, ala (mfuko wa kuvalia bastola kiunoni) na sefu. Hivyo vitatu ndivyo vitakavyoamua kama silaha utakuwa nayo kutwa nzima au utaanza kuisahau hapa na pale.

Mshipi wa kawaida wa suruali, ule laini wa barabarani, ukibebeshwa karibu kilo moja upande mmoja hujikunja. Bastola inainamia nje, mpini unachomoza chini ya shati, na mwenyewe anashinda akipandisha suruali kama mtoto wa shule. Watu wanaona. Mshipi unaofaa una upana wa milimita 38 hivi, wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, au wa nailoni yenye plastiki ngumu katikati. Ushike kwa ncha moja ukiwa umelala kwa ubavu kama rula: ukining'inia kama tambi, urudishe.

Ala nayo ina masharti matatu. Ifunike triga (kifyatulio) yote. Mdomo wake ubaki wazi bastola ikishatoka, ili uirudishe kwa mkono mmoja bila kupanua kwa vidole. Na iishike bastola hata ukiipindua juu chini (bastola ikiwa tupu, bila shaka). Ala za plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola moja hutimiza yote matatu. Zile za kitambaa "zinazoingia bastola yoyote" hazitimizi hata moja vizuri. Kitambaa hulegea, na kidole cha mtu mwingine au kalamu ya mfukoni huweza kuifikia triga. Ala ya ngozi ni nzuri ikiwa mpya, lakini ikishazeeka mdomo hulegea na kuingia ndani, na ukisukuma bastola irudi, ule mkunjo wa ngozi unaisukuma triga badala ya kidole chako. Kamba ya jaketi na pindo la shati hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana kurudisha bastola hufanywa polepole: inua shati lote kwa mkono wa kushoto, angalia kwa macho, kidole kikiwa kimenyooka pembeni mwa fremu (kiwiliwili cha bastola), kisha isukume. Kutoa kunaweza kuwa kwa haraka. Kurudisha hakuna zawadi ya kuwahi.

Mahali pa kuivaa, wengi huchagua kati ya pawili: mbele tumboni, kando ya bizimu ya mshipi, au nyuma kidogo ya nyonga ya mkono unaotumia. Mbele hufichika vizuri zaidi na ni rahisi kuilinda kwenye matatu iliyojaa, ambako watu wanakuegemea kila upande. Ubaya wake ni kwamba mdomo wa bastola unaelekea paja na mshipa mkubwa wa damu, kwa hiyo kosa dogo wakati wa kuirudisha ni kosa kubwa mno. Anayeanza na aanze na nyonga. Katikati ya mgongo paachwe kabisa: ukianguka chali unaangukia chuma juu ya uti wa mgongo, na hujui nani anakugusa nyuma. Mkoba wa begani pia siupendi. Mkoba ndicho kitu cha kwanza kunyakuliwa mjini, na silaha itaondoka na lipstiki.

Kuna mahali pamoja ambapo wenye silaha wengi hukwama, nao huona haya kuuliza: chooni. Ukiitundika kwenye ndoano ya mlango au kuiweka juu ya tangi la maji, siku moja utaiacha hapo. Iache ndani ya ala, teremsha suruali hadi magotini tu, kaza mshipi hapo ili usifunguke, na iwe katikati ya miguu yako ambako haionekani kupitia mwanya wa chini ya mlango. Na bastola ikiponyoka, popote pale, iache ianguke. Bastola nyingi za kisasa zimeundwa zisifyatuke kwa kuanguka, lakini mkono unaoirukia hewani mara nyingi hukamata triga.

Garini, sefu ndogo yenye waya wa chuma uliofungwa kwenye fremu ya kiti ni kwa dakika zile tu unazolazimika kuiacha. Vijana wa kuosha magari hufungua dashibodi. Huo ndio usafi unaowalipia. Kwenye mlango wa jengo lenye kigunduzi cha chuma, mwambie askari kwa sauti ya chini kabla mashine haijalia, mikono ikionekana, usiiguse wala kumwonyesha. Akikukatalia, geuka urudi. Na palipo na pombe yako, bastola iwe kwenye sefu nyumbani. Hilo halina "glasi moja tu".

Sasa bastola. Risasi ya milimita 9 kwa 19 (unene wa risasi kwa urefu wa ganda) ndiyo ya kuchagua, kwa sababu inapatikana, teke lake linavumilika, na mazoezi nayo hayachoshi mkono. Wamarekani walipitia njia ndefu kufika hapo: baada ya mapambano ya bunduki na majambazi huko Miami mwaka 1986, FBI (polisi wa upelelezi wa Marekani) waliona risasi zao hazikuingia vya kutosha, wakahamia risasi nene zaidi, na miaka kama 30 baadaye wakarudi kwenye milimita 9. Kipimo chao kinasaidia kuelewa: risasi iingie kati ya sentimita 30 na 46 ndani ya jelatini inayoiga nyama. Pungufu haifiki panapostahili. Zaidi inatoka upande wa pili na bado ina safari.

Glock 19 hubeba risasi 15, ina mtutu wa milimita 102, na uzito wa gramu 670 hivi ikiwa na magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini) tupu. Triga yake ni ileile kila mara, karibu kilo mbili na nusu. Haina kitufe cha usalama pembeni. Usalama uko ndani ya triga na ndani ya mitambo, kwa hiyo ala na kidole chako ndivyo vizuizi vya mwisho. Ambaye Glock 19 inamjaa kiunoni na aitazame Glock 43X: inabeba risasi 10, unene wake ni milimita 28 badala ya 34, na uzito ni kama gramu 530. Wepesi huo una bei yake, maana teke linaongezeka kidogo na mkono mkubwa hauna pa kushika.

Ceska, yaani CZ 75 na watoto wake kutoka Uherský Brod kule Czech, ni bastola nzuri mkononi, nzito, tulivu inapofyatuka. Lakini ielewe triga yake. Nyundo (kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi ilie) ikiwa chini, risasi ya kwanza hudai mvuto mrefu wa zaidi ya kilo 4. Ya pili na kuendelea ni mvuto mfupi, mwepesi. Wasiofanya mazoezi hupiga ya kwanza chini na kushoto, ya pili inawatoka kabla hawajajiandaa. CZ 75 B haina kitufe cha kushusha nyundo: ukitaka kuibeba nyundo ikiwa chini na risasi iko chemba (nyumba ya risasi nyuma ya mtutu), lazima ubonyeze triga huku ukiishusha nyundo kwa kidole gumba, juu ya risasi hai. Kidole chenye jasho kikiteleza, imelia. Aina ya CZ 75 BD inacho kitufe hicho, na P-07, Ceska nyingine, pia. Ukichagua Ceska, chagua yenye kitufe.

Dukani, baada ya kuhakikisha haina kitu, ishike kwa mkono mmoja mfupa wa mkono ukiwa mstari mmoja na mtutu. Ncha ya kidole cha shahada ifike katikati ya triga bila kupindua mpini. Kisha vuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza). Wengi wasioweza hawakosi nguvu, hukosa mtindo: shika slaidi kwa kiganja chote juu, iwe karibu na kifua, halafu sukuma fremu mbele kwa mkono wa kulia badala ya kuvuta slaidi nyuma kwa wa kushoto.

Kisha ijaribu kwa risasi 200 kabla ya kuitegemea, 50 kati ya hizo ziwe za aina ileile utakayobeba. Ikikwama, angalia kwanza mkono. Kiwiko na mkono vikilegea, fremu inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi haimalizi safari yake, na ganda tupu linabanwa limesimama wima kama bomba la jiko. Dawa ni kupiga kitako cha magazini kwa kiganja na kuvuta slaidi kwa nguvu. Kama magazini moja tu ndiyo inakwama, itie alama na uitoe kazini. Huenda midomo yake imepanuka. Shabaha ya mazoezi iwe mita 3, 5 na 7. Karatasi ya A4 kwa mita 5, risasi tano zote ndani: ukiweza hilo polepole, ndipo uongeze kasi.

Cheti chenyewe, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakikupi ruhusa ya bunduki kwa jumla. Kinataja silaha fulani na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho, na boksi la ziada ulilopewa na rafiki ni kosa hata kama rafiki naye ana cheti. Tangu Desemba 2018, serikali ilipoagiza wamiliki wote raia wakaguliwe upya, kubeba kwa makaratasi ya mkato kumekuwa ujinga wa wazi. Kuhusu kuitumia, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinapima kinga ya nafsi na mali kwa misingi ya sheria ya Kiingereza: nguvu iwe ya lazima wakati huohuo, na ilingane na hatari. Mwizi anayekukimbia na televisheni mgongoni si hatari tena. Ukimpiga, mshtakiwa ni wewe. Na kuinua shati ili mtu wa kugombania maegesho aione, hiyo siyo kinga, ni vitisho.

Nyumbani, mpango ni chumba kimoja. Usizunguke nyumba gizani ukitafuta sauti. Anayesubiri nyuma ya kona ana faida juu yako. Kusanya watu nyuma ya mlango mmoja, funga, piga 999 au 112, na useme kwa sauti kwamba polisi wameitwa na una silaha. Tochi ya mkono iwe ndani ya sefu pamoja na bastola, kwa sababu unamulika na kumtambua mtu kabla ya kulenga. Kijana aliyechelewa kurudi hupanda ukuta vilevile kama mwizi. Fikiria pia ukuta ulio nyuma ya shabaha. Ukuta wa mawe ya machimbo, wa inchi tisa, huizuia risasi ya milimita 9. Mabati, mbao na jipsamu haviizuii. Risasi inapita hadi kwa jirani. Sefu yenyewe ifungwe ukutani kwa bolti, la sivyo mwizi ataibeba yote. Ya alama ya kidole iwe na ufunguo wa pembeni, maana kidole chenye maji na betri iliyokwisha haviaminiki.

Jioni unapoipakua, mpangilio ni mmoja. Mdomo uelekee mahali salama, magazini itoke kwanza, ndipo uvute slaidi, uifunge nyuma, utazame chemba na uipapase kwa kidole. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini hutoa risasi moja na kuingiza nyingine, akiamini ametoa yote. Glock hudai triga ivutwe ili kuifungua kwa kusafisha, kwa hiyo kosa hilo huonekana mara moja, kwa kishindo. Mombasa na Lamu, ipanguse kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa upande unaogusa mwili, kwa sababu jasho na hewa ya chumvi huanza kutu kwa siku chache. Matone mawili ya mafuta kwenye reli za slaidi yanatosha; mengi hukusanya vumbi na hupenya kwenye fataki ya risasi (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda).

Halafu iangalie ile risasi iliyotoka chemba. Ukiirudisha ileile kila asubuhi, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, nafasi ya baruti hupungua, na presha hupanda kupita kiasi ikifyatuliwa. Isimamishe mezani kando ya mpya kutoka boksi. Ikiwa fupi hata kwa unene wa ukucha, isirudi kwenye magazini; iweke kando, umkabidhi muuzaji mwenye leseni.