Alfajiri Moja Makindu

Mwaka 2011 nilisafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi kuwahi matanga ya kaka yangu, ambaye kwa miaka miwili tulikuwa hatusemezani kwa sababu ya kiwanja cha urithi. Basi liliharibika usiku karibu na Makindu, nasi abiria tukatembea kando ya barabara hadi gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga iliyojengwa mwaka 1926 mahali walipokuwa wakisali wenzao waliofanya kazi ya reli. Msafiri wa dini yoyote hulala na kula pale bila malipo. Nilipewa dengu, chapati na kitanda, nikalala na vumbi langu.

Kabla ya mapambazuko niliamshwa na sauti za watu waliokuwa wakirudia neno moja polepole, pumzi ikiingia na nusu ya neno na kutoka na nusu ya pili: Waheguru, Waheguru, ndilo Jina la Mungu kwa Masingasinga. Nililelewa na bibi aliyeshika tasbihi kila baada ya sala ya Alfajiri, kwa hiyo, ingawa neno lile lilikuwa geni kwangu, kazi yake niliitambua papo hapo. Nikanawa miguu bombani, nikafunga kitambaa kichwani, nikaketi zuliani nyuma ya wote. Mbele yetu hapakuwa na sanamu, bali Guru Granth Sahib, kitabu cha kurasa 1,430 wanachokiheshimu kama Guru, yaani mwalimu wa kiroho, aliye hai, na mtu mmoja akikipungia usinga. Ikasomwa Japji, utenzi wa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, wenye beti 38, ambao muumini huusoma kila siku saa hizo za utulivu waziitazo amriti vela.

Baada ya ibada nilimwamkia mzee mmoja mwenye kilemba cheupe, nikamuuliza Jina lile hutajwa mara ngapi.

"Wako wanaohesabu kwa shanga, mwanangu, na si vibaya," alinijibu kwa Kiswahili safi. "Lakini wewe jana ulifika na vumbi miguuni. Umeliondoa kwa kitu gani?"

"Kwa maji, mzee."

"Na nguo ikichafuka?"

"Kwa sabuni."

"Basi Guru Nanak anasema hivyo hivyo katika ubeti wa 20, kisha anasema kwamba moyo uliochafuliwa na dhambi huoshwa kwa kulipenda Jina."

Sikumweleza habari za kaka yangu, wala yeye hakuniuliza, ila nilibaki nimesimama pale kwa muda mrefu, koo limenikaba, nikiwaza kwamba kiwanja kile nilikuwa nimekitaja moyoni mwangu kila siku kwa miaka miwili, asubuhi na usiku, kama uradi.

Mzee alinipeleka kwenye langari, jiko la wote la gurudwara, kwa sababu, alisema, kulikumbuka Jina hakutengani na kazi halali wala na kula kwa kugawana. Mama mmoja aliyekuwa akikanda unga alinisogezea madonge niyasukume, naye midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Nikasukuma chapati kwa zamu yangu, na bila kukusudia nikajikuta nataja kwa siri Jina nililofundishwa na bibi, kila donge mara moja, hadi sufuria ikamalizika.

Basi lingine lilipofika nilitoa pesa mfukoni. Mzee alinionyesha sanduku la mchango, akasema si lazima, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alipogeuka kurudi ndani, midomo yake ilikuwa imeanza tena kabla hajaufikia mlango.